Ni Kweli, Bosi

Dada yangu ni dobi, na ni mtu wa kuudhi. Nasema hivyo huku nampenda, maana yeye ndiye aliyenilea, lakini anayeudhi anaudhi tu. Mtaa mzima wanamwita Mama Pasi. Kibanda chake kiko nyuma ya jengo la mahakama, kimepakana na kantini ya makarani, na wateja wake wakubwa ni mawakili. Ukiingia mlangoni unapokewa na mvuke na harufu ya wanga. Kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi, chupa ya maji ambayo kifuniko chake amekitoboa kwa msumari, na pasi mbili nzito: moja ikifanya kazi, nyingine inapumzika. Majoho meusi yananing'inia ukutani kwa mstari, mashati meupe yako upande wa pili, na zile kola zao ngumu zimepangwa kwenye sinia.

Kazi anaijua, hilo simnyimi. Kinachoniudhi ni mdomo wake. Mteja akiingia na kuanza kufoka, hata kabla hajamaliza, dada ameshainamisha kichwa: "Ni kweli, bosi. Kosa langu. Samahani sana, niachie nikurekebishie." Na hapo kosa si lake! Doa limekuja na mwenyewe kutoka huko alikokula. Siku moja alikuja bwana mmoja, tumbo limemtangulia, akadai suruali yake imefanywa ndogo makusudi. Mimi nilikuwepo, na lile tumbo nililiona kwa macho yangu mawili. Dada akasema, "Ni kweli, bosi." Akaitundika ile suruali nyuma, akailegeza kidogo kiunoni, akamrudishia kesho yake. Bwana akaondoka anajisifu kwamba ukiwabana hawa madobi wanafanya kazi.

"Mdogo wangu," dada huniambia, "mtu mwenye hasira ni kama pasi iliyoshika moto. Unachomoa waya kwanza, halafu ndiyo unatazama kilichoharibika."

Mimi naona huo ni upuuzi mtupu. Mimi ni mlinzi wa geti kwenye ghala la mbao, na kazi yangu kutwa nzima ni kukataa watu. Huna kibali, huingii. Umevaa suti, huingii vilevile. Kwa hiyo tangu zamani mimi na dada hatupikiki chungu kimoja kwenye jambo hilo.

Sasa dada ana mtoto mmoja tu, wa kiume, tunamwita Fundi. Amekulia chini ya ile meza ya kupigia pasi, kichwani anadondokewa na maji ya kunyunyizia. Bado yuko shule ya msingi alikuwa ameshajifunza kufungua pasi ya mama yake, kubadilisha waya na kuifunga tena, na haikumpiga shoti hata mara moja. Alipofikisha miaka kumi na saba alikuwa amekubaliwa chuo cha mafundi umeme, cha serikali, kile ambacho ukimaliza kazi unaikuta inakusubiri. Kilichobaki kilikuwa cheti cha polisi cha kuonyesha kwamba hajawahi kutiwa hatiani. Chuo hakina mchezo na hilo, kwa sababu wanafunzi wao wanaingia majumbani mwa watu. Ukiwa na hatia, hata ya kuiba yai, wanakutoa. Dada alikuwa ameshamnunulia ovaroli ya bluu, na jinsi alivyo, ameipiga pasi mpaka ina mkunjo wa mbele kama suruali ya bwana harusi. Tulicheka siku hiyo mpaka mbavu zikatuuma.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa wakili mmoja ambaye sisi kwa siri tulimwita Kola, kwa sababu shingo yake ilikuwa haigeuki bila mabega. Majoho ya ofisi yake yote, mashati, mapazia ya nyumbani, vitambaa vya meza, kila kitu kilikuja kwa dada. Na ukitaka kujua nani alikuwa bingwa wa kufoka pale kibandani, ni huyohuyo.

Jumamosi moja jioni, jua likiwa bado lipo, dada akamtuma Fundi apeleke vitambaa vya meza nyumbani kwa Kola. Begi kubwa mgongoni, kijana akaenda. Kumbe wenye nyumba wamesafiri, na mtoto wa wakili, rika moja na Fundi, amewaita rafiki zake wawili, wamekaa uani na kreti za bia na muziki wa kupasua masikio. Jirani kashindwa kuvumilia, kapiga simu polisi. Fundi ndiyo kwanza amelishusha begi, hata salamu hajamaliza, askari hao!

Askari akauliza nani kaleta pombe. Mtoto wa wakili, macho makavu, akamnyooshea kidole Fundi na lile begi lake. "Huyu ndiye katuletea." Askari akamgeukia Fundi na kumfokea: "Wewe ndiye umewaletea watoto wenzako pombe?"

Na Fundi, mwana wa mama yake, akajibu: "Ni kweli, afande. Samahani sana."

Nilipopashwa habari damu ilinichemka. Askari hakufungua begi, hakumnusa kijana mdomo, hakufanya lolote. Aliandika alichoambiwa, akawabeba wote wanne. Kola alirudi safari usiku uleule akawawekea dhamana wote, na Fundi pia, na dada akamshukuru karibu apige magoti. Kesho yake Fundi alituapia kwamba hakununua bia wala hakuionja. Mimi nilimwamini papo hapo. Mtoto huyu soda tu inampa kwikwi.

"Basi usihangaike," dada akaniambia. "Kola kasema wote wanne ni kesi moja, ataishughulikia mwenyewe."

"Kakwambia atamsimamia Fundi?"

"Kasema ataishughulikia."

"Dada, hayo ni mambo mawili tofauti."

Akanitupia kitambaa cha kukunja, ndiyo njia yake ya kuninyamazisha.

Kesi za walio chini ya miaka kumi na minane husikilizwa chumba cha pembeni, wanaingia wazazi na ndugu peke yao. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, anayeongea haraka kama mtu anayechelewa chakula. Karani akasoma mashtaka: kununua na kunywa pombe wakiwa na umri mdogo. Kola akasimama na joho lake, joho ambalo dada yangu alilinyoosha jana yake, akasema anawawakilisha mshtakiwa wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Fundi alikuwa wa nne.

Mimi mlinzi, nimezoea kuhesabu wanaoingia. Nikamfinya dada paja. "Kasema watatu!" Dada akaninong'oneza, "Nyamaza, ndiyo taratibu zao." Nikanyanyuka, na askari wa mlangoni akaniambia, "Mama, kaa chini." Wa kwanza akaulizwa, akasema si kweli. Wa pili, si kweli. Wa tatu, si kweli. Hakimu akamfikia wa nne, sauti imeshapanda kwa kuchoka: "Na wewe? Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa. Samahani sana."

Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, kwamba kijana alifika na begi la pombe akawagawia wenzake, na yeye mwenyewe akanywa. Hakimu akauliza kama maelezo hayo ni sahihi. Fundi akasema ni kweli, mheshimiwa. Na dada yangu, pale kwenye benchi, akatikisa kichwa kukubali, kama mama anayeona mwanawe ana adabu mbele ya wageni. Jamani! Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Hapohapo mwendesha mashtaka akasema kwa kuwa aliyeleta pombe amekiri, hana haja na wale watatu. Wakafutiwa. Kwa Fundi, hakimu akaagiza afisa wa ustawi wa jamii aende akaangalie nyumbani kwao kukoje, kisha wiki inayofuata atatoa adhabu.

Koridoni mtoto wa wakili alikuwa ameshatoa simu, anacheka. Nilimpa vidonge vyake, na sitayaandika niliyoyasema. Baba yake akaja mbio na tabasamu lake.

"Mama Pasi, usijali. Kijana ataonywa tu, arudi nyumbani."

"Na cheti cha polisi?" nikauliza mimi. "Kitaandikwa nini?"

"Hayo ni mambo ya baadaye."

"Kitaandikwa katiwa hatiani. Chuo kwaheri. Sema ukweli wewe mtu!"

Akatazama saa yake akaondoka, na shingo ileile haigeuki.

Ndipo Fundi alipotueleza. Kabla ya kuingia chumbani, Kola aliwaita vijana mmojammoja. Wale watatu aliwafundisha waseme si kweli kisha wafunge midomo. Fundi alimwekea mkono begani akamwambia, "Wewe jibu kama unavyojibu dukani kwenu. Hakimu anapenda kijana mnyenyekevu. Mengine niachie mimi." Umeona ubaya huo? Mtu amekuja kwenye kibanda cha dada miaka yote, amefoka, amekubaliwa, amejua kabisa mtoto amelelewaje, kisha akamtoa kafara kwa adabu yake mwenyewe. Mimi watu wa namna hiyo siwasamehe, na mtu asiniambie nisamehe.

Afisa ustawi alikuja kibandani, mama mnene wa pole, akakaa kwenye benchi akavua viatu kupumzisha miguu. Dada alikuwa anapiga pasi. Afisa akamuuliza Fundi, taratibu, kama alinunua pombe. Fundi akasema hapana. Kama alikunywa. Hapana.

"Sasa mwanangu, mbona ulikubali mara mbili zote?"

Fundi akamtazama mama yake kwanza. "Mtu akikasirika, sisi tunakubali kwanza. Maelezo ni baadaye."

Tukasikia harufu. Dada alikuwa amesimama na mkono juu ya pasi, na pasi juu ya shati jeupe, na moshi unapanda. Miaka yote amekiri kuunguza nguo ambazo hakuziunguza, na siku hiyo aliunguza kweli. Akaiinua pasi, akalitazama lile doa la kahawia kifuani mwa shati, akakaa chini.

Afisa akatueleza kwamba adhabu haijatolewa, kwa hiyo mlango haujafungwa. Kijana anaweza kuomba kubadilisha jibu lake. Lakini aseme yeye mwenyewe kwa mdomo wake, na aliyemtuma na begi aje aseme alimtuma na nini.

Habari ilimfikia Kola. Koridoni pale hakuna siri. Akaja siku moja kabla ya kesi na joho lake limekunjamana, anataka kulivaa kesho yake asubuhi kwenye shauri kubwa ghorofa ya juu. Akaegemea meza.

"Nasikia mnataka kugeuza maneno. Hakimu atawaona waongo, Mama Pasi. Na nyumba yangu ikitajwa mle ndani, majoho ya jengo hili lote yatahamia kwa wale wenye mashine hapo ng'ambo. Nikisema neno moja tu, utapiga pasi blanketi lako hilo. Umenielewa?"

"Ni kweli, bosi," dada akasema.

Nilitaka kulia kwa hasira. Alipotoka nilimtolea uvivu dada yangu, sikumbakiza. "Utasema ni kweli mpaka lini? Mpaka mwanao azeeke hapa anakunjua mashati ya waliomchongea?"

Hakunifokea. Akasema polepole, "Mdogo wangu, mdomo wangu haujui neno jingine. Ningelijua ningemfundisha."

Nikamshika Fundi mkono nikampeleka getini kwangu. Nikavaa kofia yangu ya kazi, nikachukua rungu, nikasimama mbele yake na ile sura ninayowatolea madereva wa malori. "Wewe! Umeiba mbao!"

"Ni kwe... si kweli, mama mdogo."

"Mama mdogo nani? Mimi hakimu! Umeiba mbao!"

"Si kweli, mheshimiwa. Samahani."

"Samahani ya nini? Toa samahani hiyo!"

Wapakiaji wakaacha kazi wakaja kutazama. Mmoja akaniuliza kama kijana kaiba kweli, nikamfukuza. Tulirudia mpaka sauti ikanikauka. Mara nyingine alisema vizuri kabisa, mara nyingine nikipandisha sauti kidogo tu anainamisha kichwa. Dada alikuwa amekuja kuchukua sufuria yake, akasimama nje ya geti akitazama. Nilimwona anajaribu na yeye, midomo inacheza, sauti haitoki.

Asubuhi ya kesi afisa ustawi alimweleza hakimu kwamba kijana ana la kusema. Hakimu akavua miwani.

"Unacheza na mahakama? Ulikiri hapa mbele yangu. Ulinidanganya siku ile, au unataka kunidanganya leo?"

Hilo swali hatukulifanyia mazoezi. Nikaona kichwa cha Fundi kinaanza kuinama, kile kichwa, kidogokidogo, na nikajua kinachofuata. Umeme kwaheri.

Dada akasimama.

"Si kweli, mheshimiwa."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia. Hakimu akamuuliza ni nani.

"Mama yake. Mimi ndiye niliyemtuma na begi. Lilikuwa na vitambaa vya meza vya wakili aliyesimama hapa siku ile, na vitambaa wanavyo mpaka leo, waulizwe. Na mimi ndiye niliyemfundisha kukubali. Sisi madobi, mtu akifoka tunasema ni kweli, hata kama doa amekuja nalo." Akalitazama joho la hakimu. "Hata wewe, mheshimiwa. Lile doa la wino kwenye mkono wa joho lako, nilikubali. Si langu. Ulikuja nalo."

Mwendesha mashtaka akakohoa ndani ya kiganja. Mimi nilifumba macho, nikijua sasa tunalala ndani wote watatu. Hakimu akautazama mkono wake wa kulia. Kisha akavaa miwani, na aliposema, sauti ilikuwa imeshuka.

"Kijana, sikufokei. Ulinunua pombe?"

"Si kweli, mheshimiwa."

"Ulikunywa?"

"Si kweli."

"Nani aliwaambia polisi kwamba uliileta wewe?"

"Mtoto wa wakili."

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Akamgeukia mwendesha mashtaka, akamtaka amlete huyo mtoto wa wakili aape na kueleza bia zilitoka wapi, na askari aeleze kwa nini hakufungua begi. Mwendesha mashtaka akaomba dakika chache, akatoka koridoni, na mlangoni nilimwona anazungumza na Kola, mikono ya Kola inarukaruka. Aliporudi alisema upande wake hauna nia ya kuendelea. Hakimu akasema shtaka limefutwa, nendeni nyumbani.

Nilipiga kigelegele mle ndani. Askari wa mlangoni akasema, "Mama, toka nje," na mara hii nilitoka kwa raha zangu. Fundi alikuwa anacheka na kulia. Dada alikuwa anatembea haraka mbele yetu kama aliyeacha jiko linawaka.

Tulimkuta Kola kibandani. Shauri lake la ghorofa ya juu lilikuwa limeshaitwa, karani anamtafuta kila mahali, na uso umemvimba. Joho lake lilikuwa palepale lilipotundikwa jana, limekunjamana vilevile.

"Nini hiki?" akafoka. "Hujalipiga pasi?"

Dada akainamisha kichwa kama kawaida yake, nikajua ni yaleyale. Kumbe alikuwa anachukua joho kwenye msumari. Akamwekea mikononi.

"Ni kweli, bosi," akasema. "Sijalipiga."

Akachomeka pasi kwenye umeme, akatandaza ovaroli ya bluu mezani, akanyunyiza maji.